Barua ya Chuo Kikuu Imefika. Je, Familia Ifanye Nini?

Somo la wazazi, vikundi, na vijana waliomaliza Kidato cha Nne



Kila inapofika katikati ya mwaka tunaanza kupokea kadi za harambee. Iwe ni Molo au Njoro, Subukia, Rongai au Kuresoi, kadi husema yale yale: mtoto wetu ameitwa chuo kikuu, njooni mtushike mkono. Nasi huenda, tukachanga, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani na furaha. Hilo ni jambo jema, nasi hatutaki likome.

Lakini katika kazi yetu ya kutembelea familia tumeona kwamba wengi wetu tunajua sana habari za siku ya kuripoti, na hatujui chochote kuhusu siku ya mia moja. Godoro limenunuliwa, karo ya kwanza imelipwa, mtoto amesindikizwa. Baada ya hapo? Somo hili ni juu ya hapo baadaye. Tutatumia njia tuliyoizoea katika vikundi vyetu: tuone, tupime, tutende. Msisome haraka. Someni sehemu moja, msimame, mjadiliane, halafu mwendelee.

TUONE

Mama na nusu gunia la viazi

Majina ya watu na jina la chuo tunayaacha, kwa heshima ya wenyewe.

Mama mmoja mjane analima viazi na kabeji upande wa Elburgon. Kijana wake alikuwa wa kwanza katika ukoo kuitwa chuo kikuu. Mama akauza ng'ombe wa maziwa, na huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Harambee ikafanywa. Sisi wenyewe tulikuwepo, na pilau tulikula. Zikapatikana pesa za karo ya semesta ya kwanza, sanduku, nguo, godoro, na matatu ya kukodi ya kumsindikiza. Siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kijana, "Mwezi wa Novemba utakula nini?"

Pesa za mkopo zilichelewa. Kijana akaanza kula mara moja kwa siku. Akakopa kwa simu, kisha akakopa kwingine alipe lile deni la kwanza. Semesta ya pili hakujiandikisha. Akapata kazi ya kinyozi karibu na chuo, na kila mama alipopiga simu alijibiwa, "Niko sawa, Mama, tunasoma." Mwaka ukapita hivyo. Siku moja mama akapanda gari na nusu gunia la viazi kwenda kumwona mwanawe. Alipofika akaambiwa kwamba jina hilo haliko kwenye orodha ya darasa.

Baadaye tulikaa na hao wawili. Mama alisema, "Angeniambia tu, ningeuza hata blanketi." Kijana akajibu akiwa ameinama, "Mama, ulikuwa umeshauza ng'ombe. Ningekuambiaje?"

Tangu siku hiyo tumeona haja ya kuandika somo hili. Kijana hakushindwa na masomo. Alishindwa na shilingi chache za kila siku, na pia na kunyamaza. Na kunyamaza huko hakukuwa kwake peke yake, maana hata sisi tuliokula pilau hatukuuliza.

Simameni hapa kidogo. Je, kisa kama hiki kimewahi kutokea kwenu?

TUPIME

1. Kwani si serikali inayolipa?

Wazee wetu wengi bado wanasema, "Ukiitwa chuo kikuu, serikali inalipa." Walisema kweli, ila ni kweli ya zamani. Hadi mwaka 1974 mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya alisoma, akalala na kula kwa gharama ya serikali. Mwaka huo mikopo ilianza. Mwaka wa masomo wa 1991/92 serikali ikaanza kugawana gharama na wazazi, na katika miaka hiyo ya tisini wanafunzi wakaanza kununua chakula chao wenyewe badala ya kulishwa. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hii tunayoiita HELB.

Baadaye, kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyeletwa chuoni na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikapelekea chuo sehemu nyingine. Utaratibu huo uliisha kwa wale walioingia kuanzia mwaka 2023. Kwa hiyo mzazi aliyesomesha kifungua mimba wake mwaka 2018 asidhani kwamba anajua gharama za kitinda mimba wake leo. Sheria zimebadilika, na zinaendelea kubadilika.

2. Nafasi hupatikana vipi?

Kwa kozi ya digrii, mtoto anahitaji angalau C+ katika mtihani wa KCSE. Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walifikia alama hiyo au zaidi. Ni karibu mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo tusimdharau aliyepata C wala C-. Huyo ana njia yake, nasi tutaitaja.

Kugawa nafasi ni kazi ya KUCCPS, shirika lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kuchukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya JAB. Mtoto huomba kwa tovuti, akipanga kozi anazotaka kwa utaratibu, ya kwanza, ya pili na kuendelea. C+ peke yake haitoshi. Kila kozi ina masomo yake manne yanayohesabiwa zaidi, na wanaoomba hushindana kwa pointi za masomo hayo. Mtoto mwenye B lakini ameanguka hesabu anaweza kukosa kozi ambayo mwenzake wa C+ ameipata.

Hapa kuna makosa mawili tunayoyaona sana. La kwanza ni mtoto kujaziwa kila kitu na kijana wa saiba. Kijana wa saiba anaweka namba yake ya simu na neno la siri lake, na baada ya miezi miwili mtoto hawezi kuingia kuona ameitwa wapi. Saiba ni ya kukodi mashine tu. Namba iwe ya mtoto, iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake, na neno la siri aliandike kwenye daftari nyumbani.

La pili ni kuchagua kozi kwa sifa ya jina, bila kuuliza ni ya miaka mingapi, inagharimu kiasi gani, na iko wapi. Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Egerton, kwa kuwa kiko mlangoni petu. Kilianzishwa mwaka 1939 hapo Njoro kama shule ya wakulima, na Lord Egerton wa Tatton. Mwaka 1950 kikawa chuo cha kilimo cha cheti na diploma, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Kilimo ndiyo mizizi yake, lakini leo mtu anaweza kusomea huko ualimu, sheria, uhandisi na hata udaktari. Kutoka mjini Nakuru ni kama kilomita 25. Mtoto wa Njoro au Rongai anayesoma hapo anaweza kurudi nyumbani Ijumaa na kubeba unga, maharagwe na mboga Jumapili. Aliyepelekwa Mombasa au Maseno anaweza kupata kozi nzuri zaidi, lakini familia ihesabu nauli na ijue kwamba mfuko wa viazi hautamfikia kila wiki. Hatusemi mtoto asiende mbali. Tunasema umbali pia ni gharama.

Na aliyepata chini ya C+? KUCCPS hiyo hiyo hugawa nafasi za diploma na cheti katika vyuo vya ufundi na vya uuguzi. Hapa Nakuru tuna chuo cha taifa cha ufundi, kile tulichozoea kukiita RVIST. Fundi umeme mwenye kazi si mdogo kuliko mwenye digrii anayekaa nyumbani.

3. Karo inagawanywa vipi?

Mpango mpya wa kugharamia vyuo vikuu ulianza mwaka 2023. Wazo lake ni kwamba gharama ya kozi igawanywe mara tatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo wa HELB ambao unarudishwa, na sehemu ya familia. Anayetoka nyumba maskini apate ufadhili zaidi, mwenye uwezo alipe zaidi. Mwaka 2024 wanafunzi waliwekwa katika makundi matano. Kundi la kwanza lilikuwa la familia zenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, na la tano lilikuwa la wenye zaidi ya shilingi 120,000.

Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Hii ni namba ya mfano tu, ya kujifunzia hesabu.

Mtoto wa kundi la kwanza (asilimia 70, 25 na 5):
ufadhili 140,000, mkopo 50,000, familia 10,000.

Mtoto wa kundi la tatu (asilimia 50, 30 na 20):
ufadhili 100,000, mkopo 60,000, familia 40,000.

Juu ya hayo kuna mkopo mwingine wa kujikimu, ambao mwanafunzi hupewa mwenyewe. Katika mpango wa 2024 ulikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza, ukipungua hadi 40,000 kwa kundi la tano.

Sasa tuangalie deni. Mtoto wa kundi la tatu katika mfano wetu atakopa 60,000 za karo na 50,000 za kujikimu, yaani 110,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni shilingi 440,000. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, nayo kwa deni hilo ni shilingi 17,600. Hupewa muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza, halafu huanza kulipa. Asiyelipa hutozwa faini kila mwezi. Huu ni mkopo mzuri kuliko wa simu au wa wakopeshaji wa mtaani, lakini ni mkopo. Kuna vijana wanaoambiwa na marafiki kwamba hizo ni "pesa za serikali." Mtoto aambiwe kweli akiwa bado nyumbani: hilo deni ni lako, jina lililoandikwa ni lako.

Mambo matatu ya kukumbuka hapa:

(a) Kuitwa chuoni si kupewa pesa. Ufadhili na mkopo huombwa kwenye tovuti nyingine, si ile ya KUCCPS. Asiyeomba anahesabiwa kuwa anaweza kujilipia yote. Na mkopo huombwa tena kila mwaka.

(b) Fomu hujazwa kwa ukweli. Tumekutana na baba ambaye kwa kuona haya aliandika kwamba ana mapato makubwa, kumbe ana robo ekari na ng'ombe mmoja. Mtoto akawekwa kundi la wenye nacho. Umaskini si aibu. Aibu ni kumfukuzisha mtoto kwa ajili ya heshima ya fomu. Na kama mtoto amewekwa kundi lisilomfaa, kata rufaa mara moja kabla muda haujapita.

(c) Ulizeni upya kila mwaka. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huu unakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Mwaka huo huo serikali ikatangaza kupunguza karo za vyuo kuanzia Septemba. Kwa hiyo msitegemee namba za jirani wala za somo hili. Namba ya kweli ni ile iliyo kwenye barua ya mtoto wako na kwenye ukurasa wake wa tovuti.

4. Hesabu ya siku moja

Hii ndiyo hesabu ambayo hatukuifanya siku ile ya harambee. Chukueni kalamu.

Tuseme mtoto anapata mkopo wa kujikimu wa shilingi 50,000 kwa mwaka. Kwa semesta moja ni 25,000. Amekosa nafasi katika hosteli ya chuo, amepanga chumba nje ya geti. Tuseme ni shilingi 3,000 kwa mwezi kwa miezi minne: 12,000. Zinabaki 13,000. Semesta tuihesabu kuwa wiki 16, yaani siku 112.

13,000 gawa kwa 112 ni shilingi 116 kwa siku.

Kwa shilingi hizo 116 atoe chakula, sabuni, gesi au makaa, kuchapisha kazi za darasani, bando za intaneti, na nauli. Msichana ongeza pedi. Mtoto wa kundi la kwanza, mwenye 60,000, kwa chumba kile kile anabaki na kama shilingi 160 kwa siku.

Sasa tuseme mmekubaliana nyumbani kwamba anahitaji 200 kwa siku ili asilale njaa. Kwa yule wa 116 kuna pengo la shilingi 84 kila siku. Kwa semesta ni shilingi 9,408. Hizo si pesa za kuuza shamba. Huenda hata ni chini ya zile tulizotumia kwa hema na pilau. Lakini zisipohesabiwa mapema, ndizo zinazomtoa mtoto chuoni.

Kumbukeni pia kwamba pesa za mkopo haziji siku ya kuripoti. Mara nyingi wiki nyingi hupita kwanza. Kwa hiyo mtoto anahitaji akiba ya mwezi mmoja au miwili ya kuanzia. Tena kuna migomo. Kuanzia tarehe 17 Septemba hadi 5 Novemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma nchini kote waligoma, karibu wiki saba. Madai yao walikuwa nayo, lakini mwenye nyumba hakugoma. Kodi iliendelea, na tumbo halikungoja.

5. Maisha ya huko yako namna gani?

Nyumbani mtoto alipewa chakula na ratiba. Shuleni kulikuwa na kengele. Chuo kikuu hakuna kengele. Hakuna anayemwamsha, na asipoingia darasani hakuna barua inayoletwa nyumbani. Uhuru huu huwajenga wengi na huwaangusha baadhi.

Hatari tunazozisikia kutoka kwa vijana wenyewe ni hizi:

Pesa za mkopo zikiingia zote mara moja, mtu huishi wiki mbili kama tajiri na wiki kumi kama maskini.

Kubeti kwa simu. Anayekosa pesa ya chakula hushawishika kwamba mia moja inaweza kuzaa elfu tano. Tumeona karo nzima ikienda hivyo.

Mikopo ya simu, ambayo hukopwa kwa dakika moja na kusumbua mwaka mzima.

Wanaume wenye pesa wanaowanunulia wasichana chakula na simu. Wazazi hupenda kulaumu tabia ya msichana. Sisi tunauliza kwanza: alikuwa na shilingi ngapi kwa siku? Tabia njema inahitaji pia chakula tumboni.

Upweke. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini anajikuta wa kawaida kati ya mamia. Akianguka mtihani mmoja anadhani ameiaibisha jamii nzima iliyomchangia. Hapo ndipo anapoanza kunyamaza.

Na mema pia ni mengi. Wapo wanaopika wawili wawili kwa jiko moja na kupunguza gharama nusu. Wapo waliojiunga na vikundi vya wanafunzi vya dini, vya michezo, vya akiba, na huko wakapata ndugu. Mtoto asiende kuwa peke yake. Ajiunge na kikundi wiki ya kwanza.

TUTENDE

1. Chuo kinaanza Januari

Matokeo ya KCSE hutangazwa Januari. Kuripoti huwa karibu mwezi wa Agosti au Septemba. Katikati kuna miezi saba au minane, na hiyo ndiyo miezi tunayoipoteza. Halafu ifikapo Agosti mahindi yetu yangali mabichi shambani, kwa hiyo mkulima huyauza kwa dalali yakiwa bado yamesimama, kwa bei ya kutupa. Tupange hivi:

Januari hadi Machi. Mtoto atafute kitambulisho kama amefikisha miaka 18. Tafuteni cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, na kwa yatima vyeti vya kifo. Familia zilizopoteza vyeti katika vurugu za mwaka 2008 na za kabla ya hapo zianze mapema zaidi, maana ofisi haziharakishi. Mtoto aombe nafasi KUCCPS mwenyewe, mzazi akiwa ameketi kando yake.

Aprili hadi Juni. Mtoto afanye kazi yoyote ya halali, na nusu ya mshahara iwekwe. Familia ianze akiba. Mfano: lita moja ya maziwa kwa siku, tuseme kwa shilingi 45, kutoka Januari hadi mwisho wa Agosti ni kama siku 240. Ni shilingi 10,800. Linganisheni na sehemu ya familia ya kundi la kwanza katika mfano wetu: 10,000. Haba na haba hujaza kibaba. Tena ng'ombe bado yuko.

Julai hadi Septemba. Mkishaona barua, ombeni ufadhili na mkopo mara moja. Ombeni basari za eneo bunge na za kaunti, lakini msizitegemee kama nguzo, maana hupatikana kwa wengine na kukosekana kwa wengine. Lipeni kwa akaunti iliyoandikwa kwenye barua ya chuo tu. Mtu akikuambia atakubadilishia kozi ukimtumia pesa kwa simu, huyo ni mwizi.

2. Kikao cha familia

Kabla ya harambee, kaeni wote: wazazi, mtoto, na ndugu wakubwa. Wekeni karatasi mezani, na mwandike karo ya miaka yote wala si ya semesta moja. Andikeni hesabu ya siku moja. Kila mmoja aseme atatoa nini na lini: mjomba nauli, dada unga, mzazi kodi. Kisha mkubaliane kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Pesa zikiisha, utatuambia wiki hiyo hiyo, na hakuna atakayekukaripia." Mtoto aisikie ahadi hiyo kutoka kwa baba au mama mwenyewe, kwa mdomo.

Kuuza shamba kuwe jambo la mwisho kabisa. Shamba likiuzwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili utalipwa na nini? Na wadogo zake je?

3. Harambee ya namna nyingine

Tunapendekeza kwa vikundi na jumuiya: hema na pilau vipunguzwe, pesa zigawanywe. Sehemu moja ilipwe karo, sehemu nyingine ikae kwa mweka hazina au katika chama cha akiba na mkopo, na itumwe kwa mtoto kila mwezi. Tena kikundi kichague mtu mmoja wa kumpigia mtoto simu kila baada ya wiki mbili. Asimuulize tu, "Unasoma?" Amuulize, "Jana ulikula nini?"

4. Mtoto akikwama

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanafunzi asiyeweza kuendelea asipotee kimya kimya. Aende ofisi ya mkuu wa wanafunzi aeleze. Aulize kama kuna kazi ndogo za wanafunzi, basari za chuo, au ruhusa ya kulipa kidogo kidogo. Ikishindikana kabisa, aandike barua rasmi ya kuahirisha masomo na abaki na nakala. Aliyeahirisha kwa barua ana mlango wa kurudi. Aliyetoroka huenda akaukuta umefungwa.

Yule kijana wa Elburgon alirudi chuoni baada ya kuhangaika sana na ofisi, akiwa nyuma ya wenzake miaka miwili. Mama yake amenunua ndama, hajawa ng'ombe bado. Kikundi chao sasa humtumia kijana kiasi kidogo kila mwisho wa mwezi, na mama ndiye anayepiga simu ya kuuliza amekula nini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kisa chetu, ni nani ambaye angeweza kumsaidia kijana kabla hajaacha masomo? Angefanya nini?

2. Katika eneo letu, chumba, unga na mboga ni bei gani leo? Fanyeni upya hesabu ya siku moja kwa bei zenu.

3. Harambee ya mwisho tuliyohudhuria ilikusanya kiasi gani, na kiasi gani kilimfikia mtoto?

4. Kwa nini watoto wetu wanaogopa kutuambia kwamba wamekwama? Sisi wazazi tubadilishe nini?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO: Kila mwanachama amtafute mwanafunzi mmoja wa chuo kutoka kijiji chetu, ampigie simu, amuulize jana alikula nini. Majibu tuyalete kikaoni.